Difu ya nyuma haipandi: jibu kwa mwenye Vigo anayetaka kunyanyua gari inchi nne

"Shikamoo mzee. Nina Hilux Vigo double cabin ya mwaka 2013, injini 3.0 ya dizeli, tairi 265/65R17. Naishi Mbeya ila shamba langu la viazi liko Matamba, kwa hiyo napanda na kushuka barabara ya mlimani ya Hamsini na Saba karibu kila wiki. Masika njia ya shambani inanishinda. Difu ya nyuma inagonga mawe na lile tuta linalobaki kati ya mifereji ya malori, na mara mbili nimevutwa na trekta. Kuna kijana mwenye gereji kaniambia ananyanyua gari inchi nne kwa siku moja: spesa juu ya shokapu za mbele, vipande vya chuma chini ya springi za nyuma, tairi za matope 285/70R17 na rimu pana 17x9 zenye offseti ya −12. Anasema rimu zikitoka nje gari linatulia zaidi, na likishanyanyuliwa litabeba hata gunia kumi na mbili bila kukaa chini. Mke wangu anasema nataka gari la kuonyesha watu, na mama yake atashindwa kulipanda. Sikatai kwamba napenda lionekane, lakini gari hili ndilo linalotulisha. Nifanye, nisifanye, au nifanye nusu?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome roho ikiwa juu: fanya nusu, lakini nusu hiyo si ya mpango uliotajiwa. Inchi nne za spesa na vipande vya chuma, kwenye gari linaloshuka Hamsini na Saba na viazi mgongoni, mimi nisingekufungia hata ungenilipa mara mbili. Inchi mbili za springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na tairi iliyopanda kidogo, ningekufungia, halafu ningepanda kiti cha mbele twende wote Matamba. Sababu zake ni ndefu kidogo, ila ukishazielewa hutahitaji kuniamini mimi wala huyo kijana, maana utaenda kuzitazama mwenyewe chini ya gari.

Tuanze na hiyo difu, kwa kuwa ndiyo iliyokutoa usingizini. Ingiza gari kwenye gereji yenye shimo, ushuke chini yake na tochi. Nyuma utaona ekseli moja ya chuma iliyonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, na tumbo la difu limekaa katikati yake. Juu ya ekseli zimekaa springi za mabamba, na juu ya springi imekaa chesisi. Sasa jiulize: nikiweka kipande cha chuma cha inchi nne kati ya ekseli na springi, nini kitapanda? Zitapanda springi, chesisi, bodi, viti, wewe na mama mkwe wako. Ekseli haiendi popote, kwa sababu imeshikwa na magurudumu, na magurudumu yamekanyaga chini. Ukimaliza kulipa, difu yako itakuwa umbali uleule kutoka ardhini kama jana, na jiwe lilelile litaigonga palepale. Watu wengi hawaambiwi jambo hili, na wengine huligundua wakiwa wamekwama tena na gari linaloonekana kama ghorofa.

Kinachopandisha difu ya nyuma ni tairi yenye kipenyo kikubwa tu, na hapo napo unapata nusu ya tofauti, kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tairi yako ya 265/65R17 ina upana wa milimita 265, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Ukuta wa juu, ukuta wa chini na rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 432, jumla unapata kipenyo cha kama milimita 776. Tairi ya 285/70R17 inatoa milimita 831. Tofauti ni 55, na difu inapanda nusu yake: milimita 27. Tairi ya kati, 265/70R17, ina kipenyo cha milimita 803, na inakupandishia difu milimita 13. Inchi nne ni kama milimita 100. Kwa hiyo katika inchi nne unazouziwa, difu haipati hata moja, na tairi kubwa kuliko zote ulizotajiwa inakupa inchi moja na ziada kidogo sana.

Je, kunyanyua springi hakuna faida kabisa? Ipo. Tumbo la gari katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, linapanda. Bampa ya mbele inapanda, kwa hiyo unaingia na kutoka kwenye mtaro bila kuchimba. Na mbele kwenye Vigo mambo ni tofauti na nyuma: difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, na kila gurudumu lina mikono yake miwili, wa juu na wa chini, na springi ya kuzunguka kati yao. Ukinyanyua mbele, difu ya mbele inapanda na chesisi. Utaona hapo ni faida tupu. Kumbe hapo ndipo matatizo makubwa yanapoanzia.

Difu ya mbele ikipanda na gurudumu likabaki chini, zile shafti mbili zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zinalazimika kushuka kwa mteremko mkali. Kwenye ncha za kila shafti kuna sivi jointi, kiungo kinachoendelea kuzungusha gurudumu hata kikiwa kimepinda, na kila jointi imevishwa mpira wa kukunjana unaohifadhi grisi. Jointi hizo zinavumilia pembe kiasi. Kwenye Vigo, inchi mbili kutoka kimo cha kiwanda zinavumilika vizuri. Kwenye inchi nne shafti inafanya kazi ikiwa imepinda muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, mikunjo ya mpira inasuguana, mpira unachanika, tope la Matamba linaingia kwenye grisi, na miezi michache baadaye ukikata kona unasikia ka-ka-ka-ka. Kuna watu huishusha difu ya mbele kwa vipande ili kupunguza pembe hiyo. Inasaidia shafti, ila umeshusha tena kitu ulicholipia kipandishwe.

Halafu kuna hizo spesa zenyewe. Shokapu ya mbele haikufungwa kwenye ncha ya mkono wa chini lilipo gurudumu. Imefungwa kati ya ncha hiyo na chesisi, kwa hiyo spesa inayowekwa juu yake inazaa karibu mara mbili kwenye gurudumu: kupata inchi nne chini, kijana wako ataweka spesa ya kama inchi mbili juu. Sasa fikiria gurudumu linaponing'inia, kwa mfano unapovuka shimo. Kiwandani, shokapu ndiyo inayosema "basi, usishuke zaidi". Urefu wake ukiisha, gurudumu linasimama. Ukiisukuma shokapu chini kwa spesa, hiyo "basi" inasemwa chini zaidi, mahali ambapo bolijointi ya juu, ile gololi inayounganisha gurudumu na mkono wa juu, imeshafika mwisho wa mzunguko wake na mkono wa juu unagusa springi. Yaani kazi ya kulizuia gurudumu umeihamishia kwenye bolijointi, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Bolijointi ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari, na Hamsini na Saba, kwa wasioijua, ni barabara ya kona hamsini na saba inayopanda kutoka Chimala hadi uwanda wa juu, upande mmoja ukiwa ukuta wa mlima na mwingine bonde.

Kifurushi cha kweli cha inchi mbili kinafanya kazi kwa njia nyingine. Springi inakuwa ndefu au ngumu zaidi, na shokapu inatengenezwa kwa urefu unaolingana nayo, kwa hiyo mwisho wa kushuka unabaki pale ambapo bolijointi na shafti bado viko salama. Ndiyo maana ni ghali kuliko spesa. Anayetaka inchi nne za kweli kwenye Vigo anahitaji mabano ya kushusha sehemu nzima ya mbele, mikono mipya, na mara nyingi kuchomelea chesisi. Wapo wanaofanya hivyo vizuri, kwa magari ya kuchezea mwishoni mwa wiki. Hiyo si kazi ya siku moja, na sioni kwa nini gari la viazi lipitishwe huko.

Nyuma, vile vipande vya chuma navyo vina kisa chake. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujizungusha kinyume na magurudumu. Springi ndizo zinazoizuia. Kipande cha inchi nne kinaifanyia ekseli kazi ya mkono wa nyenzo: springi inajipinda kama herufi S, gari linatetemeka linapoanza kuondoka, na yubolti, zile boliti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, zinalegea. Nimeona vipande viwili vimepangwa kimoja juu ya kingine, vya alumini, kimoja kimepasuka. Mwenye gari alikuja kulalamika kwamba "propela inagonga", yaani ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Kipande kifupi cha chuma kilichotengenezwa vizuri si dhambi, ila springi sahihi ni bora. Na yubolti zikishafunguliwa zisirudishwe za zamani. Zile hukazwa mara moja zikavutika, na ukizifungua kisha ukazikaza tena unadanganywa na mkono wako.

Kuna jambo moja la nyuma ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Vigo nyingi zina vali ya breki za nyuma inayopima mzigo. Chungulia juu ya ekseli utaona kifimbo kinachounganisha ekseli na vali iliyo kwenye chesisi. Gari likibeba, chesisi inashuka karibu na ekseli, kifimbo kinaielewesha vali kwamba nyuma kuna uzito, nayo inapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa nyanyua nyuma inchi nne bila kugusa kifimbo. Vali itaamini gari ni tupu siku zote. Umepakia tani ya viazi, unashuka kona ya ishirini, na breki za nyuma zinafanya kazi kama umebeba mkoba wa mkeo. Breki za mbele zinabeba mzigo wote, zinapata moto, pedali inaanza kuzama. Kurekebisha kifimbo hicho ni kazi ndogo kwa anayejua kuwa kipo. Muulize kijana wako: "Kifimbo cha vali ya breki utakifanyaje?" Jibu lake, au ukimya wake, litakutosha kumpima.

Hapohapo muulize kuhusu paipu za breki za mpira. Magurudumu yakining'inia yote kwa jeki, paipu lazima ibaki na ulegevu unaouona kwa macho, usukani ukiwa umekatwa kulia na kushoto. Ikivutika kama kamba ya gitaa, gari lisitoke gereji.

Sasa rimu. Offseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na pale rimu inapokaa kwenye habu, kile kichwa cha ekseli kinachofungwa gurudumu. Ikiwa chanya, rimu imeingia ndani. Ikiwa hasi, imetoka nje. Rimu ya kiwanda ya inchi 17 kwenye gari lako kwa kawaida ina upana wa inchi 7.5 na offseti ya +30. Namba hizo utazikuta zimeandikwa mgongoni mwa rimu. Ukienda kwenye 17x9 ya −12, katikati ya gurudumu inahamia nje milimita 42, na ukingo wa nje wa rimu unatoka milimita 61 kila upande. Hapo beringi za habu zinabebeshwa mzigo kwa nyenzo ndefu kuliko zilivyopimiwa, kila shimo linaupiga usukani mkononi mwako, na tairi ikikata kona inachora duara kubwa zaidi na kugonga kona ya madigadi na plastiki za ndani. Ndipo unapoona fundi anachukua grainda. Na matope yote yanayorushwa yanapaka milango na vioo, jambo ambalo mkeo atalitaja kabla yangu.

Anaposema gari litatulia zaidi, hasemi uongo mtupu. Ni nusu ya ukweli. Uimara wa gari dhidi ya kupinduka unatokana na upana kati ya magurudumu ukilinganishwa na kimo cha kitovu cha uzito. Tuchukue mfano wa karatasi. Upana uwe milimita 1,540 na kitovu kiwe juu milimita 700. Gawanya 1,540 kwa mara mbili ya 700, unapata 1.10. Nyanyua kitovu milimita 110 kwa springi na tairi bila kubadili rimu, inashuka hadi 0.95. Ongeza rimu pana, upana unakuwa 1,624 na namba inarudi 1.00. Kwa hiyo rimu zinakurudishia sehemu ya kile kunyanyua kulichokupokonya, hazikuachi ukiwa na ziada. Na hapo bado hujapakia. Gunia za viazi zinakaa juu ya sakafu ya bodi, na zikiwa lumbesa zinachungulia juu ya kebini, kwa hiyo kitovu kinapanda tena. Kwenye kona za kupinda kama kiwiko, na barabara yenyewe imelala upande wa bonde, mimi sichezi na namba hiyo.

Kama rimu mpya unazitaka kwa ajili ya sura, na sioni ubaya wake, tafuta upana wa inchi 8 na offseti kati ya +20 na +30. Boliti ni sita kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati la Toyota hii ni milimita 106. Tundu likiwa kubwa kuliko habu, rimu haikai kwenye habu, inategemea nati kuikalisha katikati. Ndiyo maana nati zina maana kuliko watu wanavyodhani: rimu za alumini za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, na rimu nyingi za dukani zinahitaji nati ya mdomo wa koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inaonekana imekaza, kumbe imeshika kwa ncha tu. Italegea. Hakikisha nati ni za rimu hiyo, kazia kwa spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, kisha uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Spesa za kusukuma rimu nje, usizitazame hata kwa bure.

Kuhusu gunia kumi na mbili, hapa naomba unisikilize kama mzee wako. Springi ngumu haiongezi uzito gari linaloruhusiwa kubeba. Inaficha tu kwamba umezidisha. Kikomo kinawekwa na vitu vingi kwa pamoja, yaani chesisi, ekseli, beringi, breki na tairi, na springi ni kimoja kati yao. Gunia la kisheria halizidi kilo 100. Lumbesa inazidi. Gunia kumi na mbili za lumbesa, dereva, utingo na mke mbele, hapo double cabin yoyote imepita kiwango chake. Gari "likikaa chini" linakwambia ukweli. Ukilinyanyua kwa nguvu na kuendelea kupakia, litaacha kukwambia, na siku moja utaona nafasi kati ya kebini na bodi imepanuka juu na kubana chini. Hapo chesisi imeshapinda. Pitisha gari mizani likiwa tupu na tangi limejaa, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye kibati cha gari, toa ule wa gari tupu, ondoa na wa watu. Kinachobaki ndicho mzigo wako. Kumbuka pia kwamba tairi nzito za matope na rimu zake, bampa ya chuma na winchi, vyote vinakatwa kwenye hesabu hiyohiyo.

Tairi nitazikalia kidogo, kwa kuwa nadhani dawa yako iko hapa zaidi ya kwenye springi. Hujaniambia tairi ulizo nazo zina meno ya namna gani, lakini gari likitoka mjini huwa na tairi za lami, zenye mifereji myembamba inayojaa udongo kwenye mzunguko wa kwanza. Gari la kimo cha kawaida lenye meno mazuri linapita mahali ambapo gari la inchi nne lenye tairi laini linateleza kama sabuni. Tairi zilizoandikwa A/T ubavuni, za njia mchanganyiko, zingekufaa. Za matope tupu, M/T, zinachimba vizuri kuliko zote, ila zinavuma kwenye lami, zinaisha haraka, na mvua ikinyesha kwenye lami ya Chimala hadi Mbeya zinashika vibaya kuliko unavyotarajia. Wewe unatembea lami nyingi kuliko matope, hesabu kilomita zako utaona.

Na usidhani upana ndio kila kitu. Kwenye mchanga au tope lisilo na mwisho, tairi pana inaelea. Lakini kule milimani kwenu mara nyingi ni utelezi wa juu na chini yake udongo mgumu, na hapo tairi nyembamba inakata utelezi na kufika pagumu. Angalia Land Cruiser za watalii kule Serengeti: nyingi zimekanyaga 7.50R16, nyembamba na ndefu, na wenye magari hayo hawajakosa fedha za kununua pana.

Angalia namba ya mzigo pia. Kwenye ukuta wa tairi utaona kitu kama 112S. Hiyo 112 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Tairi mpya isiwe chini ya namba ya kiwanda. Zenye LT mbele ya namba ni za mizigo, na zinahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo usijaze kwa mazoea ya zamani. Tazama na tarakimu nne za tarehe: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi ya mtumba yenye meno marefu na miaka tisa si dili.

Tairi ikikua, gari linakuwa kama limebadilishwa gia. Kwa 285/70R17 ni ongezeko la asilimia 7. Utaliona kwenye mlima: gia ya tatu uliyozoea itakuwa nzito, utarudi ya pili, na klachi itanuka unapoanza kuondoka ukiwa umepakia. Breki nazo zinapoteza kiasi hichohicho cha nguvu pale tairi inapogusa barabara, ukiacha uzito wa ziada unaozunguka. Spidomita itasema 50 wakati unakwenda 53 na nusu. Spidomita nyingi za kiwanda husoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo huenda ukajiokoa, lakini askari mwenye tochi hapimi dashibodi yako. Kwa 265/70R17 ongezeko ni kama asilimia tatu na nusu, na injini ya 3.0 haitalalamika.

Ningekuwa wewe, ningeanza na tairi peke yake: nne na spea, 265/70R17 za A/T kwenye rimu zako. Halafu ningejifunza kushusha upepo. Ukiwa mtupu na umefika mwisho wa lami, shusha hadi 20 au 22 psi, pita taratibu bila kukata usukani kwa nguvu, kisha jaza kabla ya kurudi kwenye lami au kupakia. Pampu ndogo ya betri ni sehemu ndogo mno ya bei ya kunyanyua gari. Ongeza minyororo ya tairi kwa zile wiki mbaya za Machi na Aprili. Pita masika moja hivyo. Kama tumbo la gari bado linalala kwenye tuta, hapo nunua kifurushi cha inchi mbili, springi za nyuma zikichaguliwa kwa mzigo unaobeba siku nyingi, si siku ya mavuno makubwa. Springi ya mzigo wa kudumu wa kilo 300 kwenye gari linalotembea tupu siku tano kwa wiki itakurusha mpaka meno yagongane. Na kama difu ya nyuma bado inagonga, kuna sahani ya chuma ya kuilinda, na kuna jembe. Sitanii. Nusu saa ya kukata tuta la njia ya shambani kwako inashinda milimita nyingi za tairi.

Baada ya kufunga, alaimenti ya mashine, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, ni lazima, na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mbele ikipanda, ule mlalo wa gurudumu unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona unapungua, na kwenye inchi nne mara nyingi hauwezi kurudishwa kabisa kwa boliti za kiwanda. Waandikie pia watu wa bima yako ueleze ulichobadilisha, upate jibu la maandishi. Mabadiliko yasiyotajwa ni kisingizio kizuri siku ya dai.

Kuna dalili ambazo usiniandikie mimi, peleka gari likaguliwe kwa macho na mikono. Usukani ukivuta upande mmoja unapokanyaga breki. Pedali ikizama au ikiwa laini. Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kuondoka ukipita mwendo huo, maana hiyo mara nyingi ni pembe ya propela. Tairi ikilika ukingo wa ndani. Mlio wa ka-ka unapokata kona hadi mwisho. Grisi iliyorushwa ndani ya rimu. Nafasi ya kebini na bodi isiyo sawa juu na chini. Kwa breki na usukani usisubiri safari imalizike. Simama hapohapo, mzigo ushushwe, fundi aje.

Safari ya kwanza na vifaa vipya panda Hamsini na Saba mtupu, asubuhi, bila haraka. Ukifika Matamba lala chini ya gari uguse nati, yubolti na paipu za breki. Kilomita 500 zikifika, rudisha gereji yubolti zikazwe upya. Na mwambie mkeo kwamba inchi mbili hazimshindi mama, ila mfungie ngazi ya pembeni na mshikio mlangoni, kabla hajafika kuwatembelea.